Taa ya Kuku wa Miladija

Jirani yangu Miladija alinifukuza kazi tarehe ishirini na saba Novemba, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, mbele ya duka la kijiji, Sretko akisikiliza kila neno. Saa naikumbuka kwa sababu mimi ni mtu wa saa. Miaka thelathini na minne nililinda kivuko cha reli kule chini bondeni: treni ikija nafunga kizuizi, ikipita nafungua, giza likiingia nawasha taa. Mtu wa kazi ile akikosea dakika mbili, kuna mtu anazikwa. Kwa hiyo nikisema saa tatu kasoro kumi, usibishane nami.

Kazi yenyewe niliyofukuzwa haina mshahara. Ni ya siku moja kwa mwaka. Hapa kwetu Jasike, tarehe mbili Januari ni Sikukuu ya Kuku, na mtu wa kwanza kuvuka geti lako asubuhi hiyo ndiye anayewaletea kuku wako bahati au mkosi wa mwaka mzima. Hakuna mwenye akili anayemwachia mpita njia jambo kama hilo. Unamteua mtu wako. Anakuja, anachokoa moto jikoni na kusema, "Cheche ngapi, vifaranga vingapi," kisha anaketishwa juu ya mto wenye yai chini yake, na hapo anakaa tuli kama kuku anayeatamia. Akitulia, kuku watataga vizuri. Akifurukuta, nao watafurukuta. Boga nalo hupasuliwa uani, kuku wadonoe mbegu.

Tangu mume wa Miladija afariki, miaka tisa sasa, mtu wa mto ule nilikuwa mimi.

"Kumi na moja, Živadin," Miladija alisema, akinionyesha vidole kana kwamba mimi ni kiziwi. "Majike kumi na moja, na tangu katikati ya Oktoba sijaona hata yai moja. Wanakula kama askari, wanalala kama mapadri."

"Ni baridi. Kuku wa watu wote wamesimama."

"Wa Sretko hawajasimama."

Sretko, ambaye ana trekta mbili na kicheko kinachofanana na zote mbili, alicheka. "Wangu wawili bado wanajitahidi, mama. Si kila siku, lakini mayai ninayaona."

"Umesikia? Na unajua kwa nini wangu hawatagi? Kwa sababu ulisimama."

Nilijua tu kwamba atalitoa hilo. Januari iliyopita nilikuwa nimekaa juu ya mto wake kwa adabu zote. Treni ya saa mbili na dakika kumi ikapiga honi bondeni, na kabla sijajua ninachofanya nikawa wima katikati ya jiko la watu, mkono umenyooka kutafuta kizuizi. Nimestaafu miaka kumi na mmoja, lakini miguu yangu haijapata barua.

"Nilisimama kidogo tu," nikasema.

"Kuku anayesimama kidogo tu anapoza mayai yote. Mwaka huu mguu wa kwanza utakuwa wa Sretko. Usinune, jirani, si ubaya. Nataka mayai."

"Usijali, mzee," Sretko akadakia. "Nitakubakizia kipande cha boga."

Damu ilinipanda hadi masikioni. Nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia: "Kuku wako watataga kabla ya sikukuu, Miladija. Na wakitaga, mto ni wangu."

"Wakitaga kabla ya sikukuu," akasema, "njoo hata ukiwa umempanda mbuzi."

Wakacheka wote wawili, na muuza duka naye akacheka, nikaondoka bila chumvi niliyoijia.

Sasa niseme wazi, maana mzee akianza kuzungukazunguka hamalizi. Mke wangu Krunija alifariki miaka sita iliyopita. Binti yetu yuko Australia na hupiga simu Jumapili, wakati kwake ni usiku na kwangu ni mchana na hatuna la kusema sote wawili. Katika mwaka mzima kuna asubuhi moja tu ambapo mtu ananingoja mlangoni. Moto umewashwa kwa ajili yangu, kikombe kimewekwa mezani kabla sijabisha. Siku nyingine zote mia tatu sitini na nne, nikija nimekuja, nisipokuja hakuna anayetazama saa. Asubuhi hiyo moja ndiyo aliyotaka kumpa Sretko, mwenye mke, watoto watatu na mama mkwe.

Nyumbani nilikaa mezani chai ikapoa. Nilikuwa nimetoa ahadi ya mpumbavu. Mimi najua nini kuhusu kuku? Kuku walikuwa wa Krunija. Lakini nilipomkumbuka yeye nikakumbuka na kuku wake, wale wa nyumba ya kivukoni, walivyokuwa wakitaga Desemba nzima, theluji hadi madirishani. Wanawake wa vijiji vitatu walikuja kununua mayai kwake kwa ajili ya Krismasi, wakamnong'oneza awape dawa. Krunija alijidai. Alisema kuku wake wanataga kwa sababu anawaimbia.

Kisha nikastaafu, tukahamia huku juu na kuku walewale, nafaka ileile na nyimbo zilezile. Majira ya baridi ya kwanza hawakutaga. Ya pili pia. Alilaumu maji ya huku, akalaumu kilima, akanilaumu mimi. Alijaribu mpaka mwaka aliokufa.

Banda la kivukoni lilikuwa limeegemea ukuta chini ya nguzo ya taa.

Nikapiga meza kwa kiganja mpaka kijiko kikaruka. Taa! Saa kumi na moja kamili kila asubuhi niliiwasha taa ile kubwa kwa ajili ya treni ya mizigo, na ikawaka mpaka kupambazuke. Mwanga ulipenya kwenye nyufa za mbao. Kuku wa Krunija hawakujua kwamba ni Desemba. Walidhani mchana umeanza. Miaka yote ile nilikuwa nikiwatagisha kuku wa mke wangu kwa mkono wangu mwenyewe bila kujua, na yeye amekufa bila kujua. Sioni haya kusema kwamba nililia, na nilipomaliza nikavaa kofia nikaenda kwa Miladija.

"Niruhusu nivute waya wa umeme hadi bandani. Taa moja tu."

Alikuwa akikatakata kabichi. Hakuinua kichwa. "Umeme kwenye majani makavu? Banda lile alilijenga marehemu kwa mikono yake. Nikiamka nikute majivu na kuku wa kuchoma katikati ya mfungo? Hapana. Na ukirudi kuuliza, hapana nyingine inakungoja."

"Wewe mwanamke ni mkaidi."

"Tumekutana," akasema, akaendelea na kabichi.

Lakini mimi ninayo taa ya mkono ya reli, ya betri, ambayo siku ya kustaafu nilisahau kuirudisha na sijawahi kujaribu kukumbuka. Nikaichaji mchana kutwa. Kesho yake, siku ya kwanza ya mfungo wa Krismasi, maana Krismasi yetu ni tarehe saba Januari, saa kumi na moja kasoro dakika tano asubuhi, nilikuwa mbele ya geti la Miladija na koleo mkononi, nikifungua waya. Geti lile halina komeo. Hufungwa kwa waya unaosokotwa mara tatu, mkali kiasi kwamba yeye mwenyewe hulitukana kila siku. Mbwa wake Garov alitoka, akaninusa, akaona ni yuleyule wa siku zote, akarudi kulala.

Banda liko nyuma kabisa, kwenye miti ya plamu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukalia. Ndani kulikuwa na unyevu unaochoma macho. Kwa kuwaonea huruma, Miladija alikuwa ameziba matundu yote, ya chini na ya juu, na pumzi za kuku zilikuwa zimeganda kwenye paa na kuwadondokea. Jogoo alikuwa na ncha nyeusi kwenye upanga wake wa kichwani. Baridi kavu kuku anaivumilia, Krunija alinifundisha hilo. Kinachomuua ni baridi yenye maji. Nikatoa matambara kwenye tundu la juu, yale ya chini yanayozuia upepo nikayaacha. Maji yao yalikuwa jiwe, nikavunja barafu na kumimina ya uvuguvugu niliyobeba kwenye chupa. Kisha nikaning'iniza taa kwenye msumari, nikageuza ndoo, nikaketi juu yake.

Kuku kumi na mmoja na jogoo mmoja walinitazama kama abiria waliochelewa.

"Mchana umeanza," nikawaambia. "Shukeni."

Nilikaa nao mpaka saa moja na robo, jua lilipojitokeza, nikachukua taa yangu, nikausokota ule waya mara tatu, nikaenda zangu. Kuwaachia taa nisingeweza, kwa sababu betri inahitaji umeme na Miladija angeiona. Basi ikawa hivyo kila siku. Saa kumi na moja kasoro dakika tano getini, saa kumi na moja taa, saa moja na robo nyumbani.

Siku ya tatu nilimsikia akipiga kelele kwenye uzio.

"Jamani, kuna mwizi gani anayeiba suruali ya ndani ya marehemu?"

Yale matambara, kumbe. "Imeibwa?" nikauliza kwa upande wangu.

"Haikuibwa! Imekutwa imekunjwa vizuri juu ya viota! Mwizi mwenye adabu!"

"Labda marehemu mwenyewe hakupenda matumizi yake."

Siku hiyo aliziba tena, kesho yake nikazibua. Akaziba, nikazibua. Baada ya hapo hakuziba tena, nikadhani amechoka. Na wiki ya pili nilikuta ule waya wa geti haujasokotwa, umening'inia tu. Nikajisemea, masikini, uzee huo, ameanza kusahau. Kila asubuhi niliukuta hivyo, na kila asubuhi nilimsikitikia.

Nyumbani nilikuwa na jibini ambayo kwa ajili ya mfungo sikuweza kuila, basi nikawapelekea wao. Kuku aliyenyonyoka manyoya vuli nzima hawezi kutengeneza manyoya mapya na yai kwa mahindi matupu. Mimi nilikula maharage na wao walikula jibini yangu. Nilimwambia yule jogoo, "Leo wewe ndiye askofu," nikampaka mafuta ya nguruwe kwenye upanga wake ili baridi isimng'ate. Alinidonoa. Sikumlaumu, maana hata askofu ukimpaka mafuta ya nguruwe atakudonoa.

Tarehe kumi na mbili Desemba baridi ilishuka nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kwenye miti ya plamu mguu uliteleza, nikaanguka juu ya goti langu bovu, na kwa kitambo nikalala palepale nikitazama nyota na kujiuliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika mbili. Dakika mbili! Nilitambaa hadi bandani nikiwa nimeishika taa kwa meno. Wakati wa kurudi niliushika uzio nguzo kwa nguzo. Kesho yake nilikwenda na fimbo, na keshokutwa pia. Tulipokuwa watoto baba yetu alituambia bandu bandu huisha gogo, lakini hakutuambia kwamba goti nalo huisha vivyo hivyo.

Dukani Sretko aliniona nikichechemea. "Vipi, mzee? Umeanguka kutoka kwenye mto?"

"Wewe cheka. Miladija, mayai?"

Miladija alikuwa akichagua unga. "Wala moja," akasema, akiutazama unga.

Ajabu ni kwamba kuku walibadilika. Nyuso zao zilizokuwa zimepauka zikaanza kupata wekundu. Karibu na siku ya Mtakatifu Nikola, tarehe kumi na tisa, kuku mmoja wa kijivu nilimgusa mgongo akachuchumaa na kutandaza mabawa. Krunija alikuwa akisema, kuku akichuchumaa ukimgusa, andaa kikapu. Siku mbili baadaye walichuchumaa wanne. Niliviangalia viota kila asubuhi na sikuona kitu ila majani yaliyobonyea kama bakuli, nami najua kuku hatagi saa kumi na moja alfajiri, hutaga jua likishapanda, na wakati huo mimi niko kwangu na anayeokota ni mwenye nyumba.

"Mayai, Miladija?" nilimwuliza tarehe ishirini na tatu.

"Wala moja."

Tarehe ishirini na nane: "Wala moja, Živadin. Unaniuliza kama daktari."

Nilianza kuwaza mambo ya ajabu. Labda wanayala wenyewe? Lakini kuku havunji yai lake, na sikuona hata ganda. Labda kicheche? Theluji haikuwa na alama za kicheche, ilikuwa na nyayo zangu na za Miladija tu. Nilijiambia, basi bado kidogo, kesho, keshokutwa. Niliongeza jibini. Nilifika mahali nikawaimbia, na mimi siimbi. Garov alitoka nje akaenda zake.

Mwaka mpya ulipoingia, tarehe moja Januari, tulikutana dukani wote watatu.

"Wala moja," alisema Miladija kabla sijafungua mdomo. "Sretko, kesho saa mbili. Njoo na tumbo tupu."

Sretko alinipiga bega. Hakunicheka safari hii, na hilo liliniuma zaidi.

Asubuhi ya Sikukuu ya Kuku niliamka saa kumi na nusu kama kawaida, nikavaa buti moja, nikasita. Theluji mpya ilikuwa imeanguka usiku, laini, hadi magotini. Na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo mtu mwenye akili angeliona mwezi mzima kabla. Nikienda bandani leo, mguu wa kwanza kuvuka geti la Miladija ni wangu. Nitakuwa nimemwibia Sretko nafasi yake na Miladija chaguo lake, na theluji itanisema. Nisipokwenda, kuku watakaa gizani. Kuku waliozoeshwa mchana mrefu ukiwakatizia hata siku moja wanayumba, na ukiwakatizia wiki wanasimama kabisa.

Nilikaa na buti moja dakika nne nzima. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Miladija, nikamkasirikia Sretko, nikawakasirikia na wale kuku. Kisha nikajiuliza: siku treni ilipopita Krismasi, uliacha kufunga kizuizi? Siku ulipomzika Krunija, taa iliwashwa na nani? Taa iliwashwa na mimi mwenyewe, kwenye nyumba isiyo na kivuko tena, kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu. Kazi ya taa haina sikukuu. Mto nimeukosa, sawa. Lakini kuku niliwaambia mchana umeanza, na sitawafanya wanione mwongo.

Nikavaa buti la pili.

Waya wa geti ulikuwa umening'inia. Nyayo zangu zilibaki nyuma, kubwa, moja baada ya nyingine mpaka bandani, na tundu la fimbo pembeni. Nikawasha taa saa kumi na moja kamili. Kuku walishuka. Niliketi juu ya ndoo nikawatazama wakila jibini ya mwisho, na yule wa kijivu akaja kusimama juu ya buti langu. Nilipanga kutoka saa moja na robo, kabla Sretko hajafika, na kama mtu akiuliza nitasema ukweli kisha nitakwenda kulala mchana kutwa.

Saa moja na robo nilisukuma mlango. Miladija alikuwa amesimama nje, amevaa koti la marehemu, boga kubwa mikononi.

"Miladija," nikasema. "Sikiliza. Nilikuja kwa ajili ya kuku tu."

Kabla hajajibu tulisikia sauti kutoka getini. Sretko alikuwa amewahi, kwa pupa, kofia mpya kichwani na chupa ya rakija, pombe yetu kali ya plamu, mkononi.

"Nyayo za nani hizi?" alipiga kelele. "Mama! Kuna mtu ameingia! Nyayo za nani?"

"Una macho," Miladija alijibu. "Nani hapa kijijini ana miguu miwili na fimbo?"

Sretko alikuja mpaka kwenye miti ya plamu, akaniona na taa yangu mkononi, akafungua mdomo. "Mzee! Hii ni haki? Mama, mimi ndiye uliyeniita!"

"Nilikuita saa mbili. Huyu amekuja saa kumi na moja."

"Ameiba!"

"Ameiba nini? Geti lilikuwa wazi. Waya ule naufungua mimi mwenyewe kila jioni kabla ya kulala, vidole vikiniganda, tangu wiki ya kwanza ya Desemba." Aliliinua boga lile na kulibwaga kwenye theluji iliyokanyagwa. Likapasuka, mbegu zikatawanyika, kuku wakatoka mbio chini ya miguu yetu. Akainama, akaokota kipande kizuri, akampa Sretko. "Shika kipande cha boga, mwanangu. Mpelekee mkeo. Chupa iache."

Sretko alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, na si mtu mbaya, lazima niseme, maana alianza kucheka kile kicheko cha trekta mpaka akashika mti. Tulimsikia akicheka mpaka barabarani.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado kwenye lile neno la waya.

Jikoni moto ulikuwa unawaka. Kikombe kilikuwa mezani, kimoja, upande wangu. Miladija aliniambia nichokoe moto, nikachokoa, cheche zikaruka, nikasema maneno yanayosemwa. Kisha akaenda kabatini, akatoa kikapu kilichofunikwa kitambaa, akakiweka mbele yangu, akakifunua.

Yalikuwa mayai ishirini na tisa. Mengine ya kahawia, mengine meupe, moja lilikuwa na unyoya mdogo wa kijivu umeganda juu yake.

"Tangu siku ya Mtakatifu Nikola," akasema.

Nilihisi masikio yanawaka tena. "Ulisema wala moja! Mbele ya watu! Mara nne ulisema! Nimetambaa kwenye barafu, Miladija, taa mdomoni! Nimewaimbia!"

"Nimesikia ulivyoimba."

"Na ukadanganya! Katika mfungo!"

"Padri nitamweleza mimi." Alikuwa amenipa mgongo, anasukuma kuni motoni, kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. "Ningekuambia yametoka, ungeacha kuja."

Nilikuwa na maneno mengine ya hasira yamejipanga kinywani. Nikavua kofia.

"Siku ya kwanza nilidhani ni moto," alisema. "Nikakimbilia bandani na ndoo ya maji. Nikakuona kwenye ufa, umekaa juu ya ndoo kama mjinga, unazungumza na kuku wangu. Nikasema, acha nimtazame. Kesho yake nikaamka saa kumi na moja bila kuamshwa. Miaka tisa uani kwangu hakujawahi kuwaka kitu alfajiri." Akajifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Siku ile ulipoanguka nilikuwa nimeshavaa buti. Ukainuka. Nikazivua."

"Krunija alidhani ni nyimbo," nikasema. "Zile za kivukoni. Kumbe ilikuwa taa."

"Aliniambia hizo nyimbo. Nikawaimbia wangu miaka mitatu." Aliuweka mto kwenye benchi karibu na jiko, akachagua yai moja kutoka kikapuni, lile lenye unyoya, akalisukuma chini ya mto katikati. "Kaa."

"Nitasimama tena. Unanijua."

"Umekaa tuli bandani kwangu asubuhi thelathini na sita. Sijawahi kuwa na kuku anayeatamia hivyo. Kaa, Živadin."

Nikakaa. Akanimiminia rakija ya Sretko kidogo, akanirushia ngano kichwani kama desturi inavyotaka, punje zikaingia shingoni, sikutikisika. Goti liliniuma. Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika tisa na nikaanza kukaza mapaja.

Honi ikapiga bondeni.

Miguu yangu ilianza kunyanyuka, kama ilivyonyanyuka miaka thelathini na minne. Mkono wa Miladija ukanishika bega, mzito, wenye harufu ya boga, ukanirudisha chini.

"Wacha ipite," akasema.